Fungate ya bunduki na mke mtazamaji

Wadau, kwanza mniwie radhi kwa ukimya. Kuna mliotuma ujumbe mkiuliza kama nimefukuzwa kazi. Hapana, bado nipo na kalamu yangu na kinasa sauti, ila katikati ya vikao vya madiwani, mafuriko ya Jangwani na kesi za mahakamani nimeingizwa kwenye kitu kinaitwa kamati ya harusi. Ndiyo, naoa. Mwezi wa saba, Mungu akipenda. Mliozoea kunichangia mawazo peke yake, safari hii jiandaeni kuchangia na vingine.

Lakini leo siandiki habari za michango. Naandika habari za fungate, maana nusura inivunjie ndoa kabla haijafungwa.

Ilikuwa kikao cha tatu. Bajeti ya ukumbi imepita, ya chakula imepita kwa mbinde, mwenyekiti akageuka akaniuliza: "Bwana harusi, na fungate ni wapi?" Watu walishajiandaa kusikia Zanzibar. Mshikaji wangu mmoja alikuwa ameshaanza kuandika "boti, watu wawili". Mimi nikajikohoza, nikasema: "Tunakwenda kuwinda."

Kimya. Halafu mjomba wa mchumba wangu, mzee wa Kisambaa aliyestaafu kazi ya reli, akasema taratibu kama anayesoma ratiba ya treni: "Huyu mkwe apelekwe Lutindi." Ukumbi wote ukaangua kicheko.

Kwa msiotoka Tanga niwafafanulie. Kwa watu wa Korogwe na Handeni, Lutindi ni kama Mirembe ya Dodoma ilivyo kwa Watanzania wengine. Iko juu ya Milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walifungua pale mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne iliyofuata pakaanza kupokelewa wagonjwa wa akili. Ni hospitali kongwe kuliko zote za aina hiyo katika eneo letu hili, na mpaka leo iko chini ya Walutheri. Mtoto akifanya ujinga kule kwetu Handeni anaambiwa hivyo hivyo: wewe utapelekwa Lutindi.

Sasa kilichofanya watu wacheke zaidi ni kwamba mimi Lutindi napelekwa kweli. Mchumba wangu ni mtoto wa huko. Mama yake ni muuguzi mstaafu wa hospitali hiyo hiyo, na yeye mwenyewe amekua akiona wagonjwa wanakwenda kuchuma chai na kurudi, anawajua kwa majina. Wote walicheka, yeye hakucheka. Nikadhani ni kwa sababu ya ule utani wa hospitali. Nilikosea, na nitalieleza.

Wazo lenyewe sikulitoa hewani. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Babu yangu mzaa baba alikuwa na gobore, na katika hadithi za nyumbani kwetu hakuna mtu mkubwa kuliko babu anayerudi alfajiri na digidigi begani, umande kwenye suruali, mbwa wawili nyuma yake. Nyama ilikuwa haifiki jikoni kabla haijagawiwa kwa majirani. Mimi gobore lenyewe sikulikuta, alishalisalimisha. Nilikuta pembe ya kuwekea baruti tu, tupu, imetundikwa ukutani, nami nikaikuza kichwani mpaka ikawa bunduki kamili.

Halafu nikaenda chuo kikuu, na huko ukisoma sana unaharibika kwa namna nyingine. Nikakutana na Ernest Hemingway. Mwamerika huyu alikuja Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1933 na mkewe Pauline Pfeiffer, gharama zikalipwa na ami wa mke (akina ami wa namna hiyo hawapatikani Korogwe). Mwezi wa pili mwaka 1934 alikuwa anamtafuta tandala mkubwa kwenye mapori ya njia ya Kibaya kwenda Handeni. Handeni yetu! Kitabu alichoandika kikatoka mwaka 1935, na mimi nikakisoma kwenye chumba cha bweni tunacholala watu sita, nikiona fahari kwamba kijiji cha jirani na kwa shangazi yangu kimo kwenye fasihi ya dunia. Nikasoma pia habari za Karen Blixen, yule Mdenishi wa shamba la kahawa Nairobi, aliyefunga ndoa Mombasa Januari 1914 na miezi michache baadaye akaenda na mumewe Bror kuwinda katika nchi ya Wamasai. Hiyo ndiyo ilikuwa fungate yao. Nikasema basi, na mimi nitaoa hivyo. Mume na mke, hema, moto, bunduki, nyota. Nani kasema mambo hayo ni ya wazungu peke yao? Nchi si yetu?

Nikaanza kupanga, na kama mjuavyo mwandishi wa habari akipanga jambo anaanza na kupiga simu.

Simu ya kwanza ilikwenda kwa jamaa anayefanya kazi kwenye kampuni moja ya uwindaji wa kitalii, siitaji. Akanitumia orodha ya bei. Wadau, niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Mwindaji analipa kwa siku. Analipa kibali. Analipa mwindaji bingwa wa kumwongoza. Halafu kila mnyama ana ada yake, na ukimjeruhi akakimbia unalipa vile vile. Safari ya siku 21, ambayo kwa kawaida ndiyo wanayonunua wanaomtaka simba, inakwenda makumi ya maelfu ya dola. Hata ile fupi ya nyati peke yake inazidi bajeti ya harusi yangu yote, pamoja na ng'ombe, sendofu na mpiga picha. Na fungate, kwa asili ya neno lenyewe, ni siku saba. Wazee wetu wa pwani walimfungia bwana harusi ndani siku saba akilishwa na kukandwa, hakuna aliyemdai dola kwa kila usiku.

Lakini si bei iliyonishtua. Bei nilishaikisia, nilikuwa na ndoto za kuomba punguzo la Mtanzania. Kilichonishtua ni mstari mmoja chini ya orodha. Umeandikwa: mtazamaji. Yaani mtu anayefuatana na mwindaji lakini hawindi. Naye analipiwa kwa siku, kiasi kidogo kuliko mwindaji. Nikamuuliza jamaa: "Sasa mke wangu ataingia fungu gani?" Akajibu bila kuwaza: "Mtazamaji. Wake wengi huwa ni watazamaji."

Nikacheka, nikaweka simu chini. Usiku sikulala vizuri.

Nikarudi kwenye kitabu changu cha Hemingway, safari hii nikimtafuta Pauline. Wasomaji wenye kitabu hicho kitafuteni, mtaona. Anapiga risasi moja kwa simba, risasi iliyomwangusha ni ya mumewe, lakini wasaidizi wanashangilia kwamba Mama ndiye kapiga, wanambeba mpaka kambini, naye anafurahi huku mumewe anajua ukweli na msomaji anajua. Na siku za mwisho, mume alipoambiwa kuna mahali wako tandala wa kweli, aliingia kwenye gari na wasaidizi akaondoka. Mke akabaki hemani kumsubiri. Kila nilipokisoma zamani nilikuwa ndani ya lile gari na mwanamume. Haikunijia hata siku moja kujiuliza yule mwanamke alikaa anafanya nini kutwa nzima katika pori la Kibaya. (Kwa haki niseme, wao walioana mwaka 1927, haikuwa fungate. Waliachana mwaka 1940. Akina Blixen nao waliachana, mwaka 1925, ingawa Karen alikuwa anapiga bunduki mwenyewe na hakuwa mtazamaji wa mtu. Sisemi bunduki ndiyo iliyowaachanisha.)

Simu ya pili nikapiga kuuliza njia ya wenyeji. Maana mwananchi naye anaweza kuwinda kihalali, tusidanganyane. Kuna leseni za wenyeji, zina msimu wake na maeneo yake. Lakini kwanza uwe na silaha unayoimiliki kihalali, na kupata silaha si kama kupata laini ya simu. Kuna mzee mmoja, mjomba wa mwenzangu wa kazini, ana bunduki na huchukua kibali kila msimu kikifunguliwa. Akasema njooni, mtapanda gari langu. Nikauliza, na mimi nitapiga? Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama anaweza kumwazima mke. Sheria haikuruhusu kuazima bunduki ya mtu kama unavyoazima suti. Kwa hiyo kwa njia ya kwanza mke wangu angekuwa mtazamaji, na kwa njia ya pili tungekuwa watazamaji wote wawili, tumebanana nyuma ya gari la mzee, tukimwangalia yeye akifanya fungate.

Kuna njia ya tatu, ambayo vijana wawili kijijini kwetu walininong'oneza kwamba inawezekana, bei poa, usiku mmoja tu. Hiyo niliikata palepale, wala si kwa sababu mimi ni malaika. Niliwahi kutumwa kuripoti hukumu ya mtu aliyekutwa na nyama kavu kwenye kiroba. Hakuwa na meno ya tembo, hakuwa na pembe ya faru. Nyama kavu ya mboga. Mashtaka yalikuwa kukutwa na nyara za serikali, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na akapigwa miaka 20. Mkewe alikuwa amekaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni. Hakimu alipomaliza kusoma, yule mama aliuliza aliyekaa karibu naye: "Wamesema miaka mingapi?" Niliandika habari ile ikatoka ukurasa wa ndani, aya nne. Huyo mama naye alikuwa mtazamaji, ila yeye hakuna aliyemtoza kwa siku.

Hapa nina jambo la kusema kama mwananchi, halafu nirudi kwenye harusi. Mimi sipingi sheria hiyo kuwapo. Mapori yetu tuliyaona yalivyotafunwa. Mwalimu mwenyewe aliwahi kuufunga uwindaji mwaka 1973, ukafunguliwa tena 1978. Wakenya waliufunga mwaka 1977 na hawajaufungua mpaka leo. Lakini kuna kitu hakikai sawa pale ambapo kitendo kile kile, mtu na mnyama na risasi, kwa mmoja kinaitwa utalii na kwa mwingine kinaitwa uhujumu uchumi, na tofauti kubwa iliyopo kati yao ni karatasi ambayo wa pili hawezi kuinunua. Hili si jipya. Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliandika habari za kitalu cha Loliondo na wageni wa Uarabuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mimi sijazaliwa. Mwaka 2022 mipaka ikawekwa huko Loliondo katika eneo la kilomita za mraba 1,500, na mwaka huo huo familia za kwanza kutoka Ngorongoro zikateremshwa Msomera. Msomera iko wapi? Handeni. Kule kule babu yangu alikokuwa anatafuta digidigi sasa kuna nyumba mpya zenye namba milangoni. Serikali, kwa haki, iliruhusu mabucha ya nyamapori kwa kanuni za mwaka 2020, kwa hiyo ukitaka kuonja nyama yenyewe kihalali unaweza. Lakini mimi sikuwa natafuta nyama, nilikuwa natafuta ule umande kwenye suruali ya babu.

Turudi Lutindi.

Mwezi uliopita tulipanda kwenda kuwasalimia wakwe. Barabara ile inapanda na kukata kona mpaka masikio yanaziba, halafu ghafla unaona chai, kijani mpaka juu, na baridi inakukumbusha sweta uliloliacha Tabata. Mama mkwe akanikaribisha kwa adabu zote za mkwe, hakunitazama sana usoni. Baba mkwe ndiye aliyekuwa na hamu. Habari zilishamfika.

"Nasikia unataka kuwinda, baba."

"Shikamoo baba. Ni wazo tu."

"Marahaba. Basi kama ni kuwinda, njoo nikuonyeshe kazi."

Akanichukua mpaka shambani kwake, mteremko mkali wa mahindi na maharage unaopakana na msitu. Mistari mitatu ya juu ilikuwa imelala chini kama imepitiwa na gari. Nguruwe pori, usiku. Mchana wanakuja ngedere. Akaniambia ana miaka zaidi ya 60 na bado analala kibandani wakati mahindi yanakomaa, anapiga debe kuamia. Halafu akanieleza habari ya Mbega, nami nikajifanya siijui, maana mkwe hamkatizi mkwe.

Mnaoijua mtaniwia radhi, iko kwenye kile kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi. Mbega alikuwa mwindaji, mtu wa Nguu. Yaani upande wetu huko, Kilindi, ambayo ilikuwa Handeni mpaka ilipomegwa na kuwa wilaya mwaka 2002. Alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, ndugu zake wakamnyima urithi wakamfukuza. Akaenda Kilindi, huko mtoto wa mkuu akafa wakiwa mawindoni pamoja, akakimbia tena. Akapanda Usambara na mbwa wake. Wasambaa wakati huo walikuwa wanateswa na nguruwe mashambani. Mbega akawaua nguruwe, nyama akawapa watu, wao wakampa chakula cha shamba, kisha wakampa mke, mwisho wakampa nchi. Ndiye aliyeanzisha ukoo wa Wakilindi waliotawala kutoka Vugha.

Mzee akamaliza, akaniangalia. "Mwenzako wa Nguu alikuja na mbwa. Wewe umekuja na nini?"

Nilikuja na simu yenye orodha ya bei za dola.

Jioni, mimi na mwenzangu tulikaa kibarazani, chini kabisa taa za barabara kuu zikionekana. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, kama yeye anataka kwenda kuwinda. Hakunijibu haraka. Alisema: "Miezi mitatu unapiga simu. Umewauliza watu wa kampuni, umemuuliza mjomba wa mwenzako, umewauliza vijana wa kijijini kwenu. Leo ndiyo zamu yangu?" Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Alipokuwa mdogo alikuwa anafuatana na mama yake wodini, anaambiwa kaa hapo, usiguse kitu, tazama tu. Amekaa kwenye mabenchi ya kutazama utoto wake wote. Siku ile kwenye kikao, mimi nilipotangaza, watu wote ukumbini waligeuka wakamwangalia yeye, na yeye akatabasamu kama vile alikuwa anajua. Hakuwa anajua. Alilisikia jambo lile dakika ile ile waliyolisikia wapiga muziki.

Kwa hiyo, wadau, maoni yangu ndiyo haya, na najua kuna watakaoniita nimeshikwa kabla ya ndoa. Sisemi kuwinda ni dhambi. Kama ninyi wawili mna leseni na wote wawili mnalitaka pori, nendeni, Karen Blixen alikwenda. Ninachosema ni kwamba uwindaji wa kitalii umepangwa kwa ajili ya mtu mmoja: bunduki moja, kibali kimoja, picha moja ya mguu juu ya mnyama, na wengine wote wanafuata nyuma kimya kwa sababu ukikohoa mnyama anakimbia. Siku saba za kwanza za ndoa kumwambia mkeo asikohoe? Mimi nilitaka kujionyesha kwa babu aliyekufa na kwa Mwamerika aliyekufa, nikamfanya aliye hai alipiwe ada ya kuniangalia. Na nawaambia vijana wenzangu mnaopanga fungate za kupanda Kilimanjaro, za kuzamia, za pikipiki mpaka Kigoma: kabla hamjapiga simu ya kwanza, yuko mtu mmoja amekaa karibu yenu ambaye hana haja ya kupigiwa.

Tulichoamua: siku nne Saadani, ambako bahari na mbuga zimekaa pamoja, twiga tutamwangalia wote wawili kwa bei moja. Yeye anataka kulala mpaka saa nne asubuhi, nimeambiwa hilo halina mjadala. Kamati imeshangilia, fedha iliyobaki imehamishiwa kwenye vinywaji bila mimi kuulizwa, kwa hiyo na mimi nimeonja.

Siku tatu zilizobaki ni Lutindi. Baba mkwe alipiga simu juzi usiku: nguruwe wamerudi, wamekula mistari miwili zaidi, na kibanda kinavuja. Nikamwambia Jumamosi nakuja na turubai. Mwenzangu alikuwa anasikiliza, akaninyang'anya simu. "Baba, na debe langu lile bado lipo?" Mzee akasema lipo, ila limetoboka. Akamjibu atakuja na jingine, na manati.